Resini iliyomwagika kwenye sakafu ya vigae vya udongo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vigae vya udongo wa kuchoma, yaani terakota, vina vinyweleo vingi na hunywa chochote kinachomwagika juu yake. Kwa hiyo katika kila jibu hapa chini kanuni ni ile ile: vuta resini, yaani kimiminika kizito kinachokauka kikawa kigumu, ije juu, usiisukume chini. Makosa mengi yanayoharibu sakafu hutoka kwa mtu aliyefanya haraka akasugua kwa nguvu.

Resini imemwagika sasa hivi. Nianze na nini?

Usimwage maji, usimwage asetoni, na usisugue. Fungua madirisha, vaa glavu za nitrili, kisha izuie isitambae kwa kuizungushia mchanga mkavu laini au vitambaa vilivyokunjwa. Waondoe watu, hasa watoto na wanaotembea peku, maana nyayo mbili tu zinaweza kuipeleka hadi sebuleni.

Sasa ichote. Tumia kipande cha plastiki ngumu, kama kadi ya zamani au kifuniko cha ndoo kilichokatwa pembeni kikanyooka. Kokota kutoka ukingoni kuelekea katikati ili doa lisipanuke, kisha weka unachochota kwenye kopo la bati. Ukishachota kilicho kizito, chukua karatasi za jikoni au matambara ya pamba na ukandamize: kandamiza, inua, tupa, chukua jingine. Endelea mpaka tambara linapoinuka likiwa karibu kavu.

Hapo ndipo pombe inapoingia. Lowesha tambara kwa pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Liwe na unyevu tu, lisidondoshe. Futa mara moja kuelekea katikati, geuza upande safi, futa tena. Tambara lililokwishachafuka likirudi sakafuni hupaka resini uliyotoka kuiondoa. Kwa doa la ukubwa wa sahani, matambara 10 hadi 15 si mengi.

Maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo huja mwisho kabisa, pombe ikishapaa.

Nina muda gani kabla haijakauka?

Epoksi nyingi za kawaida, yaani resini za kuchanganya kutoka chupa mbili, hubaki laini ndani ya kikombe cha kuchanganyia kwa dakika 20 hadi 40 kwenye joto la nyuzi 25. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 10 hivi, muda huo hupungua kwa karibu nusu. Ndiyo maana fundi wa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa kaskazi hana muda alio nao mwenzake wa Limuru, kwenye baridi ya nyanda za juu.

Lakini usikisome kikombe ukadhani unaisoma sakafu. Resini iliyo kwenye kikombe hujipasha moto yenyewe na hivyo hukauka haraka. Iliyotandaa sakafuni hupoteza joto lake kwenye kigae na hubaki na umajimaji kwa saa kadhaa. Una muda wa kufanya kazi kwa utulivu. Hasara yake ni kwamba muda wote huo inaendelea kuzama.

Ipo hali moja tofauti: kikombe kilichokwisha kupata moto na kuanza kutoa moshi kikimwagika. Resini ya moto huwa nyepesi kama maji, huzama mara moja na huunguza ngozi. Usiishike. Mwagia mchanga mkavu, toka nje, rudi ikishapoa.

Nitajuaje ni resini ya aina gani?

Tazama ilivyochanganywa. Epoksi huja kwenye chupa mbili za ujazo unaokaribiana, resini na kigumishi, kwa vipimo kama 1 kwa 1 au 2 kwa 1. Harufu yake si kali, ila kigumishi kinaweza kunuka kama amonia au samaki. Ndiyo inayotumika kwenye meza za mbao zenye "mto" wa rangi unaopita katikati.

Poliesta hunuka vikali, harufu inayojaa nyumba nzima, na kigumishi chake huwekwa kidogo sana, asilimia 1 hadi 2 tu. Hiyo ndiyo ya faiba: boti, matangi, bampa za magari. Ya tatu ni resini ya mti: ubani, utomvu wa msonobari na jamii zake. Hii hulainika kwa joto na kuwa ngumu ikipoa, na haina kigumishi.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu kinachoyeyusha moja hakiigusi nyingine.

Na nitajuaje kama sakafu yangu ni ya udongo kweli?

Swali hili liulizwe kabla ya kununua chochote. Nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina sakafu nyekundu ya saruji iliyotiwa rangi, ikapigwa nta nyekundu mpaka inang'aa. Nyingine zimechorwa mistari ili zifanane na vigae. Chagua mahali pa kificho, nyuma ya mlango au chini ya kabati, ukwangue nta, kisha udondoshee siki matone mawili. Saruji hutoa povu. Udongo wa kuchoma kwa kawaida hautoi. Dalili nyingine: tambara lenye pombe likitoka jekundu, umetoa rangi ya nta, si ya kigae.

Kama ni saruji, hatua za kuchota na kukandamiza ni zile zile, lakini pombe itaacha alama iliyopauka na utalazimika kupiga nta upya eneo lote.

Kama kigae kina rangi ya udongo lakini kimepakwa gilezi inayong'aa kama sahani, una bahati. Resini haikuingia, iache ikauke, iinue kwa wembe wa kukwangulia vioo, na kazi yako ibaki kwenye mistari ya grauti, yaani saruji inayojaza nafasi kati ya vigae.

Sakafu yangu ina nta. Si itakuwa imezuia resini?

Huenda. Dondosha tone la maji karibu na doa. Likikaa juu kama lulu kwa dakika 5, kinga bado ipo na sehemu kubwa ya resini iko juu ya ngozi ya kigae. Likizama ndani ya dakika moja au mbili na kuacha alama nyeusi, kigae kina kiu na resini imekwisha kuingia.

Kinga ikiwapo, kuwa mchoyo wa kimiminika kuliko kawaida. Pombe, thina na asetoni huyeyusha nta. Ukimimina, unafungua mlango uliokuwa umefungwa na kuipitishia resini humo humo. Chota na kandamiza kwa muda mrefu zaidi kabla ya kufikiria chupa yoyote.

Nikikosa isopropili, nitumie nini?

Spiriti isiyo na rangi inafaa. Ile ya zambarau au buluu iepuke kwenye udongo usio na kinga, kwa sababu rangi yake inaweza kubaki ndani ya kigae. Asetoni huyeyusha epoksi mbichi vizuri sana, na hapo ndipo penye hatari: huifanya resini iwe nyepesi mno, huishusha ndani, kisha yenyewe hupaa (inachemka kwenye nyuzi 56) na kuiacha huko. Itumie kwa poliesta, au mwishoni, kwa tambara lenye unyevu kidogo. Thina ya rangi za magari ina tabia hiyo hiyo.

Mafuta ya taa na petroli, hapana. Havisaidii epoksi, huacha mafuta na harufu ndani ya udongo, na petroli ndani ya nyumba ni kualika moto.

Siki husafisha vizuri patasi na mwiko vilivyopakwa epoksi mbichi. Sakafuni iache. Hula chokaa ya grauti na kuacha chumvi zinazochomoza baadaye kama unga mweupe.

Imepita siku mbili na bado inanata. Ina maana gani?

Kuna mambo mawili yanayofanana kwa mguso. La kwanza ni utando wa mafuta unaojitokeza juu ya epoksi iliyokaukia penye unyevunyevu mwingi, jambo la kawaida pwani wakati wa masika. Chini yake resini ni ngumu. Futa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Kama kunata kumeisha, ulikuwa utando huo, na sasa unayo resini iliyokauka. Nenda kwenye swali linalofuata.

La pili ni kwamba vipimo vilikosewa au mchanganyiko haukukorogwa vya kutosha. Resini ya namna hiyo haitakauka hata ukisubiri mwezi. Wengi hukata tamaa hapa, na kumbe hii ndiyo hali yenye nafuu, kwa sababu isiyokauka bado huyeyuka. Ichote kwa plastiki, kandamiza kwa matambara ya pombe, kisha tumia kandiko lililoelezwa hapa chini.

Imekauka kabisa. Je, ipo dawa ya kuiyeyusha?

Kwa epoksi, hakuna dawa ya kuyeyusha unayoweza kuitumia kwa usalama nyumbani. Ikishakauka, molekuli zake zimefungamana kuwa wavu mmoja, na asetoni inaweza tu kuilegeza juu juu. Dawa za zamani za kubandua rangi zenye dikloromethani zinaiweza, lakini mvuke wake umewaua watu waliokuwa wakifanya kazi kwenye vyumba vilivyofungwa. Umoja wa Ulaya na Marekani zimezuia dawa hizo kuuziwa watumiaji wa kawaida. Ukiikuta kopo la zamani stoo, lisiingie ndani ya nyumba.

Kinachofanya kazi ni joto na ubapa. Epoksi zilizokaukia kwenye joto la kawaida hulegea zikifika nyuzi 50 hadi 60 hivi, zinakuwa kama ngozi ya kiatu. Kwa hiyo:

Hakikisha kwanza kigae ni kikavu. Kilichooshwa jana kisubiri siku mbili, kwa sababu maji yaliyonaswa ndani yakigeuka mvuke yanaweza kukibandua kigae ngozi. Pasha kwa mashine ya hewa moto ikiwa umbali wa sentimita 15, ukiizungusha bila kusimama, eneo la sentimita 5 kwa 5 kwa wakati mmoja. Kwa tabaka jembamba hata draya ya nywele inatosha, ila itachukua dakika 3 au 4 badala ya sekunde 40. Jaribu kwa kona ya plastiki: ikiacha alama, iko tayari. Ikitoa moshi au kugeuka kahawia umepitiliza. Zima, fungua dirisha, usivute mvuke huo.

Ingiza kisu cha kukwangulia rangi kikiwa kimelala karibu sawa na sakafu. Kabla ya kuanza, piga msasa pembe zake mbili ziwe mviringo, maana pembe kali ndizo zinazochora mikwaruzo ambayo hutaweza kuiondoa. Sukuma taratibu. Resini ikikatika vipande vipande imepoa, pasha tena. Ikiinuka kama utepe, uko sawa.

Uwe tayari kwa jambo moja: mahali ambapo resini ilishika sana, itainuka na ngozi ya kigae. Ngozi hiyo, iliyopata moto zaidi ndani ya tanuri, ni ngumu kuliko udongo wa ndani. Ukiona unga mwekundu chini ya utepe, acha kuvuta na uhamie kwenye msasa.

Nimebandua, lakini pamebaki doa jeusi kama pamelowa. Litatoka?

Hiyo ni resini iliyo ndani ya vinyweleo, na hakuna kandiko litakaloitoa ikishakauka. Una njia tatu.

Ya kwanza ni kusugua kwa mkono na pedi ya almasi namba 100 kisha 200, ukiwa umelowesha kigae. Maji hayana mjadala: vumbi la udongo wa kuchoma lina silika na halifai kuingia mapafuni. Resini ikiwa imezama chini ya milimita moja, itaondoka. Ikizama zaidi, utachimba shimo ambalo jicho litaliona kila asubuhi jua likipiga pembeni.

Ya pili ni kulificha. Doa ni jeusi kwa sababu udongo ulioshiba humeza mwanga. Ukiushibisha udongo unaouzunguka kwa mafuta ya mbegu za kitani, tofauti hupungua sana. Kwa madoa mengi madogo, tunaipendekeza njia hii kabla ya kugusa pedi.

Ya tatu ni kubadilisha kigae.

Kandiko hutengenezwaje?

Ni unga unaovuta. Chukua kaolini, au talki isiyo na manukato. Usitumie udongo mwekundu wa shambani, utaongeza rangi. Nusu kilo inatosha eneo la sentimita 30 kwa 30. Ongeza isopropili kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka upate uji mzito kama siagi ya karanga, usiomwagika ukiinamisha bakuli. Paka unene wa milimita 6 hadi 8, ukivuka ukingo wa doa kwa sentimita 2.

Funika kwa nailoni, bandika kingo zake kwa utepe, uache saa 24. Pombe inaingia, inaichukua resini. Kisha fungua nailoni na uache unga ukauke wenyewe, saa nyingine 12 hadi 24. Hatua hii ya pili ndiyo inayofanya kazi: unga ukikauka unavuta kimiminika kutoka chini kije juu. Anayelifuta kandiko likiwa bado bichi amepoteza siku nzima. Kwangua kwa plastiki, tazama, rudia mara mbili au tatu ikibidi. Muda wote huo pasiwepo jiko, mshumaa wala sigara chumbani.

Poliesta ina tofauti gani?

Ina stireni, na mvuke wake unaweza kuwaka kwenye joto la nyuzi 32 hivi, yaani mchana wa kawaida wa pwani. Zima jiko kwanza, kisha shughulikia doa. Kiyeyushio chake ikiwa mbichi ni asetoni kwenye tambara. Ikikauka huwa na udhaifu kuliko epoksi, na tabaka nene mara nyingi hupasuka kwa patasi na nyundo ndogo bila joto.

Kilichomwagika kikiwa kigumishi peke yake, usitumie maranda ya mbao wala matambara makavu kukifyonza, na usikikutanishe na asetoni hata tone. Mwagia mchanga mkavu, ulowanishe kwa maji, uzoe kwa plastiki, utoe nje mara moja.

Ubani uliyeyuka ukadondoka kutoka kwenye chetezo. Je?

Huu ni rahisi. Weka barafu ndani ya mfuko wa nailoni juu yake kwa dakika 15. Unakuwa kama kioo, na kwa kugonga kidogo kwa mpini wa kijiko huruka vipande. Kilichobaki kina sehemu mbili: resini, inayoondoka kwa pombe, na gundi, inayoondoka kwa maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana anayetumia kimoja tu huona doa halimaliziki. Anza na pombe, malizia na maji. Utomvu wa msonobari hauna gundi hiyo, kwa hiyo barafu na pombe vinatosha.

Alama nyeusi ya kaa la moto ni jambo jingine: hiyo ni masizi na nta iliyoungua, na hutoka kwa msasa laini.

Na grauti?

Usihangaike nayo sana. Grauti hunywa kuliko hata kigae, lakini hubadilishwa kwa urahisi. Ikwangue kwa msumeno mdogo wa grauti hadi kina cha milimita 4 au 5, safisha vumbi, jaza mpya. Rangi haitalingana mwezi wa kwanza.

Baada ya kuosha pametokea unga mweupe. Nimeharibu?

Hapana. Ni chumvi zilizoyeyushwa na maji zikaja juu. Zipige kwa brashi kavu, zizolewe, usioshe tena. Zikirudi, piga brashi tena. Huisha wiki chache. Asidi ya chooni itaonekana kuzimaliza siku hiyo hiyo, kisha itakuletea nyingi zaidi na kuila grauti.

Ninabadilishaje kigae kimoja bila kuvunja vya jirani?

Ondoa kwanza grauti pande zote nne, yote, hadi chini. Hapa ndipo jirani hupona au huvunjika. Toboa matundu manne au matano katikati ya kigae kibovu, kisha vunja kwa patasi kutoka katikati kwenda nje, kamwe usianzie ukingoni. Kwangua saruji ya zamani ili kigae kipya kikae sawa, ukiacha milimita 3 hadi 5 za gundi ya vigae. Kama huna akiba, toa kigae kilicho chini ya kabati au friji ukilete hapa, na kipya kiende kule gizani. Kitakuwa kimezeeka pamoja na wenzake, rangi italingana.

Lini nirudishe kinga, na kwa nini?

Kigae kikiwa kikavu kabisa, siku 3 hadi 7 kutegemea unyevunyevu. Bandika nailoni kipande usiku. Asubuhi ukikuta matone chini yake, subiri zaidi. Changanya mafuta ya mbegu za kitani na tapentaini nusu kwa nusu, paka kwa brashi, na baada ya dakika 20 futa kila kinachong'aa. Mafuta yaliyoachwa juu hayaingii tena. Yanageuka ulimbo unaonasa vumbi. Baada ya siku moja au mbili paka mkono wa pili, kisha nta ya nyuki.

Matambara ya mafuta hayo usiyakunje ukayatupa pipani. Yanapokauka hujipasha moto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje mpaka yawe magumu, au yazamishe kwenye ndoo ya maji.

Resini imenishika mkononi. Nisafishe kwa pombe?

Hapana. Pombe na asetoni huipitisha resini ndani ya ngozi. Futa kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya kupikia, futa, kisha sabuni na maji. Mwili unaweza kuanza kuikataa epoksi, ngozi ikawasha na kuvimba kila inapoikaribia, na mzio huo ukishaanza kwa kawaida haukuachi.

Nitandike nini kazi ijayo?

Nailoni nzito ya ujenzi, si magazeti. Epoksi hupenya gazeti na kuligandisha sakafuni, nawe unapata matatizo mawili. Kwenye nailoni ya polithini haishiki. Ikikauka unaibandua kwa mkono. Juu ya nailoni weka maboksi yaliyofunguliwa ili usiteleze, ziba maungio kwa utepe wa kufungia maboksi, na kikombe cha kuchanganyia kikae ndani ya beseni pana. Chupa ya pombe na rundo la matambara viwe karibu kabla hujafungua kigumishi.